Historia ya Elinami Josphat Mshana, Aliyemfundisha Dinosaria Kulala Chini

Mchungaji, wazee wa ushirika wetu hapa Guangzhou, wanafunzi, wafanyabiashara, na ninyi mliofanya kazi na marehemu mkaja kukaa nasi ingawa hamsikii Kiswahili, historia hii imeandikwa na mkewe, Judica, nami Bartholomeo, binamu wa marehemu, naisoma kwa niaba ya familia leo Jumamosi, tarehe 17 Novemba 2007, na nakala yake itasafiri pamoja na mwili kwenda Usangi, ambako maziko yatafanyika Jumamosi ijayo.

Marehemu Elinami alizaliwa tarehe 9 Aprili 1980, Usangi, wilaya ya Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Josphat Mshana na marehemu mama Melania, aliyetutoka mwaka 1999. Nyumbani kwao walifuga ng'ombe wanne wa zizini, kazi ya kukata majani ilikuwa ya kaka yake Benjamin na kazi ya kukesha na ng'ombe anayezaa ilikuwa ya Elinami, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na subira.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Usangi kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, sekondari kuanzia 1995 hadi 1998, kidato cha tano na cha sita mjini Moshi, akamaliza mwaka 2001, na mwezi Septemba 2002 alikuja hapa Guangzhou kwa ufadhili wa masomo ya udaktari wa mifugo, akasoma lugha mwaka mmoja, kisha Septemba 2003 akaanza shahada ya miaka mitano. Tangu siku hiyo kila barua ya Mzee Josphat ilikuja na bahasha iliyoandikwa Daktari Elinami. Familia inasema wazi mbele yenu kwamba marehemu hakuhitimu, na sababu yake itasomwa mahali pake.

Tarehe 6 Agosti 2005, akiwa likizo, alifunga ndoa na Judica katika usharika wa Usangi, naye Judica akamfuata huku mwezi Januari 2006, wakapanga chumba mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya sita, na tarehe 21 Oktoba 2006 Mungu akawajalia binti, Sesilia, ambaye sasa ana mwaka mmoja na siku ishirini na saba.

Kuhusu kazi, marehemu alianza kwa kuwatafsiria wafanyabiashara siku ambazo hakuwa na vipindi, na siku moja ya mwezi Mei 2006 alikuwa soko la vitambaa la Zhongda pamoja na mama Kuluthumu wa Mombasa, aliyepo hapa, ndipo akamwona mzee wa Kichina akichagua kitambaa kinene cha kijivu, akikikunja na kukikunjua, Elinami akasogea akakishika, akamwambia kwamba kama ni ngozi ya mnyama basi kwapani haitajikunja hivyo. Mama Kuluthumu alimkemea akisema, "Wee Elinami, nimekuleta unitafsirie bei, wewe washikashika ngozi za majini!" Mzee yule alikuwa fundi Liang, wenzake humwita Liang shifu, yaani fundi mkuu, na alikuwa akitengeneza wanyama wa filamu mpya ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale waliokwisha kutoweka duniani, nayo ilikuwa filamu ya sita katika mfululizo ulioanza marehemu akiwa bado shule ya msingi.

Fundi Liang alimchukua hadi kwenye banda lao Panyu, akamwonyesha mnyama mkubwa kuliko wote, jike, urefu wa mita kumi na mbili, aliyeendeshwa na watu kumi na mmoja waliokaa ndani yake, wawili kila mguu, wawili shingoni na mmoja mkiani. Katika hadithi ya filamu jike huyo anamtafuta mwanawe, hampati, mwisho anajilaza kando ya maji asiinuke tena, na kila walipojaribu kumlaza alianguka kama kabati. Elinami akasema mnyama mzito hupiga magoti ya mbele kwanza, anapumzika kidogo kama anayefikiri, ndipo anashusha nyuma upande mmoja. Fundi Liang akamuuliza, "Wewe umewahi kumwona huyu akiwa hai?" Elinami akamjibu, "Sijamwona, wala wewe hujamwona, lakini ng'ombe aliyefiwa na ndama nimemwona." Watu wa bandani wakacheka, na kuanzia siku hiyo marehemu akawa mguu wa mbele wa kushoto, tena ndiye aliyewahesabia wenzake hatua kwa Kichina.

Kazi hiyo aliipenda, hatuwezi kuficha, aliipenda hata akakosa vipindi, na mitihani miwili ya mwezi Julai 2006 akaanguka, chuo kikamwonya kwa maandishi kwamba akikosa mtihani mwingine ufadhili utakwisha. Mwezi Januari 2007 ikafika zamu ya kupiga picha za jike kujilaza, wakaambiwa ni kazi ya siku moja, tarehe 15, lakini haikukamilika, na siku ya pili shingo ilishuka kabla ya wakati na kumvunja kijana mmoja mkono, kwa sababu Elinami alikuwa ametoka nje kidogo na mwingine ndiye aliyehesabu. Mtihani wake ulikuwa asubuhi ya tarehe 17. Usiku ule wenzake walisema asipohesabu yeye hawaingii tena ndani ya mnyama, naye alikaa kitandani muda mrefu na kalamu zake mkononi, mkewe akamwambia, "Baba Sesilia, nenda kwenye mtihani, hao watatafuta mtu mwingine," akajibu kwamba mtu mwingine alikwisha kupatikana na kijana amevunjika. Asubuhi akaenda Panyu. Jike alilala vizuri, waliokuwa bandani walilia, na tarehe 2 Februari barua ya chuo ikaja kumwondoa.

Marehemu aliendelea na filamu hadi ilipokamilika mwezi Juni 2007, lakini hakumwandikia baba yake kwamba ameondolewa, kila barua aliahidi kumwambia katika ijayo, na bahasha za Daktari Elinami ziliendelea kufika, akawa anazifungua akiwa amewapa mgongo watu wa nyumbani mwake.

Mwezi Julai miguu ilianza kumvimba, mwezi Agosti madaktari wakasema figo zote mbili zimeshindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jengo lao la Xiaobei halina lifti, na wanaume kumi waliokuwa naye ndani ya mnyama walipokezana kumshusha na kumpandisha ghorofa sita, wala hawakukosa hata siku moja. Tarehe 4 Novemba alimwambia mkewe, "Usiandike kwamba nilihitimu. Baba nimemdanganya nikiwa hai, usinisaidie kumdanganya nikiwa nimekufa." Alifariki Jumanne, tarehe 13 Novemba 2007, saa kumi na moja alfajiri, na filamu hajaiona, itaanza kuonyeshwa mwakani.

Kabla ya kuisoma historia hii palikuwa na shauri katika familia, kwa kuwa kaka Benjamin alipiga simu kutoka nyumbani akasema, "Shemeji, andika alihitimu, nani atakwenda China kuuliza? Mzee ana ugonjwa wa moyo, unataka tuzike wawili?" Hakusema kwa ubaya, naye Judica aliogopa sana, alikwisha kuandika karatasi mbili, moja ya kweli na moja ya kumpumzisha mzee, hakujua ipi aipeleke. Juzi Alhamisi mimi Bartholomeo nilimpigia Mzee Josphat mwenyewe, nikamsomea ile ya kweli yote, akaomba kusema na mkwewe, akamwambia, "Mama Sesilia, mwanangu, usifute hata mstari mmoja. Siku ya maziko sehemu hiyo nitaisoma mimi, watu wa Usangi waisikie kinywani mwangu kabla hawajaisikia njiani." Ile karatasi nyingine Judica ameichana.

Marehemu ameacha mjane, mtoto mmoja, baba na kaka. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Xiaobei waliomshika mtoto mama yake akiwa hospitali, mama Kuluthumu na wafanyabiashara wenzake, wanafunzi walioimba kitandani pake, na fundi Liang pamoja na wale kumi walioketi nyuma, ambao kijana wetu Alvin anawatafsiria maneno haya, nanyi mlioketi nyuma mjue kwamba Usangi mtatajwa kila mmoja kwa jina lake.

Elinami, baba Sesilia, neno lililokuwa gumu kwako limekwisha kusemwa, na baba yako amelipokea. Lala kwa amani.