Jina la Mume wa Akuac

Umetazama pembeni tena, msomaji, kama ulivyowasahau waliokufa vitani mara tu mkataba wa amani ulipotiwa sahihi. Katika basi la kwenda mtaa wa Jebel, Mayen, anayekwenda kusoma Norwe, alikwama kwenye fomu ya viza ya mkewe Akuac, penye jina la mume.

"Si uandike lako?" akauliza Quinter, Mkenya aliyeketi kando yake.

"Kwa mila yetu, nilimwoa kwa jina la ndugu yangu aliyeuawa vitani bila mtoto, dada. Hata watoto ni wake."

"Kwa hivyo mume ni marehemu?"

"Ndiyo. Lakini anayeishi na Akuac ni mimi."

"Woi! Ukimwandika marehemu, Akuac ni mjane, anabaki. Ukijiandika wewe?"

"Nimemuua ndugu yangu mara ya pili."

Basi likasimama kituo cha Hai Cinema, Mayen akashuka, nafasi ya jina la mume bado tupu. Wewe unayejua sheria, shuka naye sasa hivi, uuandikie ubalozi kwamba hii pia ni ndoa!