Damu ya Yakubu na Kahawa ya Mama Djamila

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Asani, fundi wa baiskeli, pale barabara inaposhuka kutoka soko la Kasongo. Asani tunamwita Antene, maana hakuna habari inayopita mjini bila kumgusa. Ubavuni mwake hukaa Octave, muuza vidonge vya sandukuni. Huyo ni Sindano. Wa tatu ni Papa Bakari, aliyechimba dhahabu Lusangi mpaka mgongo ukamshinda, ndiyo maana jina lake ni Shimo. Mimi nauza inite, vocha za simu, pembeni. Kahawa yetu ilikuwa ya Mama Djamila, mjane kutoka Wamaza, aliyeweka meza yake na birika ng'ambo ya mtaro. Na mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Yakubu, dereva wa pikipiki, mpaka alipoanza kutoka damu puani.

Mwanzo tulimcheka. Tulisema ni vumbi la njia ya Kabambare. Kisha macho yakawa mekundu, kikohozi kikaja na damu, na pua yenyewe ikaanza kubonyea katikati. Hospitali wakampa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Alizimeza zote, akazidi kukonda. Mkojo ulipogeuka rangi ya chai nzito, ndugu zake walimpeleka Bukavu. Asubuhi aliyoondoka, benchi lilijaa.

— Ile haiko kifua kikuu, Sindano akasema. Kifua kikuu nakijua. Hakivunje mutu pua.

— Mi niliona vile kule Lusangi, Shimo akadakia. Mutu aligombana na mwenye shimo, kiisha pua ikashuka yenyewe, bila kupigwa.

— Yakubu aligombana na nani? Yakubu hana adui.

— Kila mutu iko na adui, Antene. Hata wewe.

— Basi anakulaga wapi?

— Kwake. Na bibi yake anakula sahani ile ile, iko muzima.

— Na kunywa?

Vikombe vilikuwa mikononi mwetu.

— Anakunywaga hapa, Sindano akasema polepole. Kila asubuhi.

— Kikombe cha kwanza, Antene akaongeza. Cha kwanza ndicho kinabeba kila kitu kilichowekwa mule.

— Huyu mama, bwana yake alikufa na nini huko Wamaza?

— Wanasema tumbo.

— Mi nilisikia ni damu.

— Damu! Unaona sasa!

Mama Djamila alikuwa amechuchumaa anapuliza makaa. Sijui alisikia kiasi gani. Alipokuja kukusanya vikombe alivikuta chini, vimejaa, vimepoa.

— Leo kahawa ni mubaya, wababa?

— Hapana, mama, Shimo akamjibu. Ni hili jua tu.

Mbingu ilikuwa imefunikwa na mawingu toka alfajiri.

Kesho yake hakuuza hata kikombe. Juma halijaisha, wadogo zake Yakubu wakaja na vijana wengine, wakapindua meza, na birika lililokuwa likichemka likammwagikia mguuni. Hakupiga kelele. Alikaa chini akiushika mguu, akawatazama vijana wale mmoja mmoja, akasema:

— Huyo Yakubu nilimupikia kama mutoto wangu.

Wakamwambia aondoke kabla hawajarudi. Alifunga vitu vyake ndani ya kitenge, mguu akauzungushia kitambaa, akashika njia ya Wamaza akichechemea. Benchi zima tulikuwepo. Hakuna aliyeinuka hata kumbebea mzigo.

Mvua zikaja, zikaisha. Kahawa tukawa tunaletewa na mtu mwingine, wala haikuwa na ladha. Ndipo siku moja pikipiki ikasimama mbele ya kibanda, akashuka mtu mwenye uso uliovimba na pua iliyozama. Nilimtambua Yakubu kwa sauti, alipotusalimu.

— Alhamdulillahi! Antene akaruka kumpisha. Sisi tulikuwa tunakuhesabu na wafu!

— Nilifika karibu nao, Ya Asani, mukubwa wangu.

— Sasa waliona ni sumu gani?

Yakubu alikaa kwanza. Ilimchukua muda kupata pumzi.

— Haikukuwa sumu. Kule Bukavu muganga wa hospitali alinitoa damu. Labo yao haina kile kipimo, wakaituma Ulaya, tukangojea sana. Katika hiyo damu hawakutafuta kijidudu. Walitafuta askari. Mwili wa mutu uko na askari wake, kingamwili, wale wanaopiga magonjwa. Wangu wamekosea njia. Wanapiga mishipa yangu mwenyewe: puani, kwenye mapafu, kwenye figo. Mishipa inavimba, inapasuka. Kipimo kilionyesha hao askari ni wengi. Wakakata na kanyama kadogo ka figo, nako kakasema vile vile.

— Askari wanapiga raia wao, Shimo akacheka bila furaha. Hiyo tunaijua.

— Lakini nani aliwatuma? Antene akauliza.

— Hakuna aliyewatuma.

— Haiwezekane! Askari hafyatue bila komanda.

— Mi naona walilogwa wao, Sindano akasema. Siku hizi hawamuloge mutu, wanaloga damu yake. Ulaya wanaona damu tu, mulozi hawamuone.

— Ama ile kahawa iliwalewesha...

— Acheni!

Yakubu alikohoa kwa muda mrefu, kitambaa mdomoni.

— Wadogo zangu walinipigia simu, wakasema wameshika mwenye kosa. Nilikuwa na mupira wa pumzi puani, sikuweza kuwajibu. Nilipopata sauti nilimuuliza muganga: kahawa inaweza kuleta hii? Akasema hapana. Hakuna mutu aliyenipa huu ugonjwa. Hata yeye hajue kwa nini unaanza. Dawa wanazonipa ni za kutuliza hao askari, na nitazimeza labda maisha yote. Figo zangu hazitumike vizuri tena.

Antene aliinamisha kichwa. Sindano alianza kupanga vidonge vyake upya.

— Jana nilipita Wamaza, Yakubu akaendelea. Nikamuona Mama Djamila kando ya njia na kirundo cha mihogo. Peke yake. Wamama wengine wamekaa mbali naye. Nilipouliza, wakaniambia nisinunue kwake, ni yule wa sumu ya Kasongo. Nikashuka nimusalimie. Aliponiona tu, aliacha mihogo akakimbilia majanini, na ule mguu wake. Alifikiri nimekuja kumumaliza. Nikaita, nikaita. Mimi sina pumzi tena ya kukimbiza mutu.

Yakubu akatugeukia mmoja baada ya mwingine, si kwa hasira. Alitazama kama mtu anayetaka kujua tu.

— Ni nani alianza kusema ni kahawa?

Shimo alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Antene. Antene alivuta baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akazungusha gurudumu, akasikiliza mnyororo kama kwamba una kasoro. Na mimi nikawa narudia moyoni maneno ya asubuhi ile, nikitafuta la kwanza, na kila neno nililolishika lilikuwa limetanguliwa na jingine.

Yakubu alingoja, mikono magotini, akipumua kwa mdomo.