Karipio la Mama Prufu

Baada ya miaka thelathini na minane ya kusoma kila kitu kinachopita kwenye mashine zetu za uchapaji, msimamizi wa prufu, zile nakala za kusahihishia kabla ya kuchapa, ambaye sote tunamwita Mama Prufu, anastaafu tarehe thelathini Juni. Makosa yameshaanza kushangilia.

Aliingia hapa binti mbichi, akipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono, kinyumenyume. Ikaja mitambo ya ofseti, akajifunza kutengeneza mabamba yake ya kuchapia. Kompyuta ilipofika, aliipa siku mbili za ugeni, ya tatu akaipa jembe.

Sisi tuliotoka vyuoni tulikuja na istilahi nzito, tukizimwaga kama wahubiri. Kwake, neno ambalo mkata karatasi halielewi lilikuwa kelele tu, na kazi haitoki mpaka ulieleze upya. Nafasi kati ya mistari aliiita pumzi. Herufi ndogondogo za masharti ya mkataba, mchele. Na ile rangi ya ziada tunayoivusha nje ya mstari wa kukatia, ili kisu kikiyumba kidogo ukingo usibaki mweupe, aliiita fungu la kisu. Usipokipa kisu fungu lake, alikuwa akisema, kitajichukulia chenyewe.

Mteja mmoja alitaka fonti kumi na moja kwenye bango moja. Mama Prufu akamkalisha, akampa chai, akamuuliza kama nyumbani kwake watu kumi na mmoja huongea kwa mpigo. Bango likatoka na fonti mbili. Jamaa hajahama kiwanda mpaka leo.

Sasa kuna jambo lazima linyooshwe. Wiki iliyopita ilibandikwa orodha ya watakaopewa cheti cha utumishi usio na doa, na yeye hayumo, kwa sababu ya karipio moja la maandishi la miaka kumi na miwili iliyopita: zile kalenda elfu nne. Wazee wa kiwanda wanazikumbuka. Hazikuwa na fungu la kisu, tarehe zilibanwa ukingoni kabisa, na kisu kikapita na nusu ya kila Jumamosi. Mafundi walisema hatimaye wamepata kalenda inayosema kweli kuhusu mapumziko yao.

Jamani, kalenda zile nilizisanifu mimi ninayeandika haya. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, mkataba wa majaribio, mdomo mrefu. Mama Prufu alikuwa amekwenda kliniki, na sheria inajulikana: hakuna kitu kinachokwenda kwenye bamba bila prufu yenye sahihi yake. Nikaona sahihi ya nini, nikapeleka. Aliporudi na kukuta marundo yale, aliniita stoo akanipa vidonge vyangu mpaka nikalia. Kisha akachukua prufu ambayo hakuwahi kuiona, akaisaini, akaenda nayo kwa meneja akasema kosa limempita yeye. Alinikataza nisifungue mdomo, kwani ningetimuliwa siku ileile. Nami nikanyamaza, miaka kumi na miwili. Nimeona haya kila nilipopita mbele ya meza yake.

Kwa desturi, ukurasa huu wa kumuaga nao ulipelekwa mezani kwake. Alirekebisha koma tatu, kisha aya hiyo ya kukiri akaipiga mstari mwekundu toka juu hadi chini, na pembeni akaandika kwamba yaliyopita si ndwele.

Mama, koma nimezirekebisha. Aya nimeiacha palepale, na hilo ndilo sahihisho lako la kwanza ambalo nimelikataa. Meneja ameisoma na kuisaini: karipio limehamia kwenye faili langu, na cheti chako kiko mashineni muda huu. Asante kwa kunibeba. Nenda kapumzike, cheza na wajukuu, soma gazeti bila kalamu mkononi ukiweza, na Mungu akujalie siku nyingi zenye afya na furaha.