Telma Mateus Likanga, Mlinzi wa Namba za Mto (1984–2025)

Marehemu Telma Mateus Likanga alizaliwa tarehe 19 Novemba 1984 katika kijiji cha Mahurunga, Wilaya ya Mtwara, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mateus Likanga na Mama Isabel. Wazazi wake walivuka Mto Ruvuma wakikimbia vita Msumbiji, wakapokelewa na wenyeji, wakapewa kipande cha bonde walime mpunga. Hawakurudi tena ng'ambo. Telma alikua akisema Kimakonde nyumbani na Kiswahili kwa majirani, na tangu mdogo alijua kwamba mto unaowalisha ndio huohuo unaoweza kuwafukuza usiku mmoja.

Alisoma shule ya msingi kijijini hadi mwaka 1999, akaendelea na sekondari Mtwara mjini, kisha akahitimu stashahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2008. Aliporudi likizo, Mama Isabel alimuuliza hiyo kompyuta kazi yake nini hasa.

"Inakumbuka, mama."

"Hata mimi nakumbuka."

"Wewe unakumbuka yaliyokuuma. Yenyewe inakumbuka hata siku ambazo hakikutokea kitu."

Mwaka 2010 aliajiriwa katika mradi mdogo wa kutoa tahadhari za mafuriko, ofisi yake ikiwa Mtwara mjini. Katika vijiji vya bondeni ilisimikwa nguzo yenye alama mtoni, na mwanakijiji mmoja alituma kwa simu alama iliyofikiwa na maji. Telma aliandika programu ya kupokea namba hizo, kuzihifadhi katika faili moja la hifadhidata, na kuwatumia wanakijiji ujumbe maji yakipita alama ya tisa na nusu, na mwingine yakianza kushuka.

Tarehe 8 Septemba 2012 alifunga ndoa na Bwana Samweli Nantimbo, fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, Lucy na Helder. Nyumbani kwao Naliendele wanakumbuka kwamba Telma aliandika kila tarehe kwa kuanza na mwaka, ili asiwepo wa kuchanganya siku na mwezi. Alipoagiza keki ya Lucy ya kutimiza mwaka mmoja, mwokaji aliiona ile tarehe ndefu akadhani ni namba ya simu, akaipamba kwa maua na kuandika juu yake, "Piga hapa." Telma alicheka mpaka akakaa chini.

Mwishoni mwa mwaka 2020 kompyuta ya ofisi ilikufa. Kwenye mashine mpya, toleo jipya la hifadhidata lilikataa kufungua faili la zamani. Kassimu, mfanyakazi mwenzake, alishauri waanze upya. Telma hakukubali kuitupa historia ya mto. Alitafuta mashine yenye toleo la zamani, akazitoa namba zote kama maandishi ya kawaida, akazipandisha kwenye hifadhidata mpya. Akajaribu, ikafanya kazi. Wakati huo maji yalikuwa chini.

Februari 2021 mvua ilinyesha mfululizo. Jioni Mwajuma, msomaji wa nguzo ya Mahurunga, alituma alama ya tisa, na watu wakaanza kufungasha. Alfajiri akatuma kumi. Programu ikawatumia wanakijiji ujumbe: maji yanashuka. Waliokuwa njiani wakageuza. Punde Mwajuma akapiga simu.

"Dada Telma, mbona mnasema maji yanashuka? Mimi nipo hapa, nguzo inazama!"

Telma alifungua orodha ya namba akaziona zilivyojipanga: kumi imekaa chini ya saba. Hapo akaelewa. Kwa kuwa zilipandishwa kama maandishi, mashine ilizipanga kama maneno ya kamusi, na kumi, kwa kuwa huandikwa 10 na kuanza na 1, ikahesabika ndogo kuliko 9.

"Tuirekebishe kwanza?" Kassimu aliuliza.

"Shika simu. Programu itangoja, maji hayangoji."

Walimpigia mwenyekiti, wakapiga msikitini, wakapiga kanisani. Dercio, mdogo wake Telma, alizunguka bondeni na mtumbwi akiokoa watu. Mzee Mustafa alikutwa juu ya paa la dungu lake la kulindia mpunga, maji yakimgusa miguu. Hakufa mtu, lakini mpunga wa msimu ule ulikwenda na maji.

Telma alizigeuza namba zote ziwe namba kweli, akaiwekea hifadhidata sharti la kukataa maandishi mahali pa alama. Kisha, bila kutumwa na yeyote, alikwenda Mahurunga kwenye mkutano wa kijiji. Mzee Mustafa alisimama.

"Ujumbe wako ulituambia tulale, tukalala."

"Ni kweli, baba. Niliijaribu maji yakiwa chini, sikuijaribu maji yakiwa juu. Kosa ni langu, si la mashine. Naombeni radhi."

 Mzee Mustafa akasema, "Basi kazi iendelee. Lakini Mwajuma akituma namba, nawe umpigie usikie anavyosema." Ndivyo ilivyofanyika tangu siku ile, na tahadhari haikukosea tena.

Aprili 2023 Telma aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi kazini, kisha maradhi yakarejea kwa nguvu. Mzee Mustafa alipanda gari kutoka Mahurunga akamletea mchele mpya, akakaa kitandani pake. Miezi ile Telma alimfundisha Kassimu kila kipande cha programu, akipumzika katikati ya sentensi. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, hospitalini Mtwara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Samweli.

Marehemu ameacha mume, Samweli. Watoto, Lucy na Helder. Na mdogo wake, Dercio. Ameacha pia mama yake mzazi, Isabel, aliyevuka mto akiwa hana kitu mkononi, na ambaye leo anamzika mtoto aliyemtegemea aje amzike yeye.

Mwenyezi Mungu ampokee Telma, ampe usingizi mtamu aliounyimwa na maumivu.