Chanzo cha Tatu

MWALIMU: Haloo? Nani mwenzangu?

TAALUMA: Ni mimi, mwalimu wa taaluma. Natumia simu ya ofisi ya wahasibu, yangu haina chaji. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo, kaka. Niko kliniki na mtoto, foleni haisogei. Shikamoo.

TAALUMA: Marahaba. Sikiliza, Mwalimu, kamati inakaa saa nne na mimi nimeshika fomu yako ya Historia hapa. Umefanya nini?

MWALIMU: Kwani ina nini?

TAALUMA: Fomu ina safu moja ya alama. Wewe umechukua rula na kalamu nyekundu ukachora nne.

MWALIMU: Kwa sababu nimewapima kwa njia nne. Jaribio la kuandika, mjadala, mstari wa matukio, na utafiti wa vyanzo. Sasa nizibane wapi zote —

TAALUMA: Kamati inataka jaribio. Basi.

MWALIMU: Jaribio linapima nani amekariri miaka, kaka. Somo langu si orodha ya miaka.

TAALUMA: [mtandao unakwaruza] ...nasema, naandika safu ya kwanza tu. Nimekupigia kukujulisha, usije ukasema nimekuzunguka.

MWALIMU: Ngoja. Ukiandika ya kwanza tu, binti wa fundi viatu ana ishirini na mbili.

TAALUMA: Ndiyo. Atarudia darasa.

MWALIMU: Alisharudia mara moja! Akirudia tena haji, nakwambia. Akipewa karatasi ya jaribio mkono unamganda. Lakini kwenye utafiti ana themanini na nane. Ukijumlisha zote nne anapita bila wasiwasi.

TAALUMA: Hiyo themanini na nane ndiyo inayonitia shaka. Utafiti wenyewe wa nini?

MWALIMU: Niliwaambia kila mtu achague tukio moja la shule yetu, atafute vyanzo vitatu. Yeye alichagua wizi wa karatasi za mtihani. Ule wa zamani, miaka ishirini na saba iliyopita.

TAALUMA: [karatasi zinaanguka]

MWALIMU: Haloo?

TAALUMA: Nakusikia. Kwa nini achague huo?

MWALIMU: Aliyefukuzwa ni baba yake, kaka. Wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho. Hukujua?

TAALUMA: ...Watoto wa shule ni wengi.

MWALIMU: Basi akamhoji baba yake. Halafu akaenda stoo, akapekua hadi akapata daftari la mlinzi wa wakati ule. Mlinzi ameandika aliona wavulana wawili kwenye dirisha la ofisi, saa ya michezo. Akamkamata mmoja. Lakini aliyefukuzwa ni mmoja tu. Mtoto wa miaka kumi na sita ameliona hilo peke yake, wewe unataka nimpe ishirini na mbili?

TAALUMA: Amemtaja?

MWALIMU: Nani?

TAALUMA: Huyo wa pili. Kwenye kazi yake, amemtaja?

MWALIMU: Hapana. Baba alikataa kabisa. Alimwambia tu mwenzake alikuwa na kichwa kizuri kuliko yeye, na mmoja akisoma inatosha. Subiri, wanaita... ishirini na tisa. Bado mimi.

TAALUMA: Ni vyanzo viwili hivyo. Ulisema vitatu. Kazi haijakamilika, unaweza kuifuta kwa sababu hiyo tu.

MWALIMU: Siifuti. Nimemkata kumi na mbili kwa chanzo kilichokosekana, haki yake. Na wewe usiguse hiyo fomu. Namwacha mtoto na dada yangu, nakuja kwenye kikao mwenyewe, nawasomea neno kwa neno. Jinsi yule wa pili alivyovunja dirisha akakimbia —

TAALUMA: Halikuvunjwa.

MWALIMU: Nini?

TAALUMA: Kioo kilibanduliwa. Kikaegemezwa ukutani, chini ya bomba la maji. Hakikupata hata ufa.



MWALIMU: Kaka. Hilo halimo kwenye daftari la mlinzi.

TAALUMA: Najua.

MWALIMU: Wala baba yake hakulisema.

TAALUMA: [mtandao unakwaruza] ...bado yuko pale? Karibu na lango la soko?

MWALIMU: Yuko. Si unapita hapo kila asubuhi?

TAALUMA: Napita ng'ambo ya barabara.

MWALIMU: Mimi sijakuuliza kitu, kaka. Nimekuuliza fomu tu.

TAALUMA: Fomu naipeleka kama ulivyoichora. Wakiuliza habari ya safu nne, nitajibu mimi. Kaa na mtoto.

MWALIMU: Una hakika?

TAALUMA: Zile kumi na mbili... bado anaweza kuzipata?

MWALIMU: Akileta chanzo cha tatu, ndiyo. Hata leo.

TAALUMA: Mwambie aje ofisini kwangu kikao kikiisha. Aje na daftari na kalamu. Salio linakata, Mwalimu, naona —

MWALIMU: Nimwambie akuulize nini?

TAALUMA: Lile ambalo baba yake alikataa kumjibu. Na mwambie aandike majina kwa ukamilifu, yote matatu—

MWALIMU: Haloo? Kaka? ... Haloo?

[simu imekatika]

MWALIMU: Naam, nesi. Thelathini na moja ni sisi.