Mama Pedali na Kinanda cha Watu Wawili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usije ukaunguza chungu kwa ajili yetu. Kama uko kazini, fanya kama unafanya kazi, sisi hatutakusema. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Mama huyu hakujua kupiga kinanda. Nasema tena, hakujua. Lakini kwa miaka mingi, kila mumewe alipoketi kupiga kinanda, mama huyu aliketi kando yake, na bila yeye wimbo ulikuwa hauendi.

Watu walimwita Mama Pedali. Ametutoka wiki iliyopita, kwa maradhi ya moyo, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Tutamlilia, ndiyo. Lakini binti yake, ambaye ni muuguzi, ametuonya mapema. Amesema, "Mkimsimulia mama yangu watu wasicheke, mtakuwa mmemsimulia mtu mwingine."

Basi tuanze.

Alikuwa na chumba kidogo cha kushonea, mlango mmoja, dirisha moja, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kopo kubwa la vifungo. Siku moja akaingia kijana mmoja mrefu, kavaa suti ya kung'aa, anatembea ubavu ubavu kama kaa. Hakutaka kugeuka. Alikuwa mpiga kinanda wa bendi. Usiku uliotangulia alikuwa ameinama jukwaani kuchomeka waya, na suruali ikaachia nyuma, mshono wote.

Mama akamwangalia, akaelewa. Akamwambia, "Geuka, kaka. Nguo haiponi kwa kufichwa."

Wasikilizaji, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia mumewe wa baadaye. Yule kijana alirudi tena na kifungo kilichokatika. Akarudi na kola. Akarudi na shati ambalo halikuwa na tatizo lolote. Fundi akaligeuza nje na ndani, akamuuliza, "Hili linaumwa wapi?" Kijana akalipa hivyohivyo. Wakaoana.

Sebule yao ilikuwa na pande mbili. Upande huu cherehani, upande ule kinanda cha umeme, na spika zake, na nyaya zake zimelala sakafuni kama tambi. Mama hakuzigusa. Alisema, "Kila mtu na mashine yake." Muziki ulikuwa wa mume. Yeye alikuwa na uzi wake.

Mambo yakaenda hivyo miaka mingi, mpaka mume, sasa ni mzee, alipopata kiharusi. Ilikuwa asubuhi, ananyoa ndevu, wembe ukamponyoka. Upande wa kulia ukagoma, mkono na mguu.

Hospitali walifanya ya kwao. Nyumbani mama akafanya ya kwake. Alimwaga kopo lote la vifungo mezani, akamwambia mumewe, "Vitenganishe. Vyeusi huku, vyeupe kule. Kwa mkono wa kulia." Mzee alivitenganisha. Akimaliza, mama anavichanganya tena. Mzee ametuambia, "Nilimchukia mwanamke yule. Nilimchukia kila asubuhi. Na kila asubuhi kidole kimoja kilikuwa kinaamka."

Mkono ukarudi. Haba na haba, lakini ukarudi. Mguu wa kulia haukurudi sawasawa. Alitembea kwa mkongojo, na mguu ukamfuata nyuma kama mtu aliyelazimishwa safari.

Sasa, kwa msiojua, mguu wa kulia ndio mguu wa pedali. Pedali ni kitu kidogo tu, kinakaa sakafuni, kina waya unaoingia nyuma ya kinanda. Ukiikanyaga, sauti inaendelea kulia hata ukiinua vidole. Ukiiachia, sauti inanyamaza. Mzee alijaribu kupiga bila pedali, mara moja, akaacha. Alisema, "Ni kama mtu anayezungumza huku anapigwa vikumbo. Kila neno linakatika." Akakifunika kinanda kwa shuka. Muda si mrefu nguo zilizopigwa pasi zikahamia juu yake. Kinanda kikawa kabati.

Mama aliliona. Akaendelea kushona. Halafu Jumapili moja mchana aliondoa nguo zote, akavuta shuka, akapiga magoti nyuma ya kinanda na pedali mkononi.

Mzee akamuuliza, "Unafanya nini?"

"Nachomeka."

"Unajua pa kuchomeka?"

"Tundu ni tundu. Nimetunga sindano maisha yangu yote."

Nyuma ya kinanda kile palikuwa na matundu mawili yaliyofanana kama mapacha. Moja la pedali, moja la hedifoni. Mama akachagua. Akachomeka. Akawasha. Akamwambia mumewe apige. Mzee akabonyeza. Kimya. Mama akaongeza sauti. Kimya. Akakagua waya wa umeme, akagonga spika mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya vilevile. Maana kinanda, ukichomeka kitu kwenye tundu la hedifoni, kinadhani unataka kusikiliza peke yako, nacho kinanyamazisha spika zake.

Mzee alijua tangu mwanzo. Aliona plagi ilivyoingia. Akamwacha ahangaike, akamtazama anavyoipiga spika mgongo, na ghafla akaanza kucheka. Alicheka mpaka mkongojo ukaanguka.

Binti yao alikuwa chumba cha pili. Anasema, "Baba hakuwa amecheka tangu augue. Nilikimbia nikidhani analia. Nikamkuta mama amekaa sakafuni na pedali, ananiangalia, naye machozi yanamtoka, ananiambia, mwulize baba yako kinachomchekesha."

Wakahamisha plagi. Mama akavuta kiti, akaketi kuliani kwa mumewe, akaweka mguu kwenye pedali. Mikono ya mume, mguu wa mke. Ndivyo walivyoanza.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Mguu wa mama ulikuwa umezoea cherehani, basi ukakanyaga mfululizo, kanyaga kanyaga kanyaga, sauti zikapandana kama sokoni asubuhi. Mzee akaacha kupiga. Akasema, "Mama, unanishonea wimbo." Akamfundisha: sauti ikibadilika, achia, ukishaachia, kanyaga upya. Alimwelekeza kwa kichwa, kisha kwa nyusi, na baadaye hakumwelekeza tena.

Walifanya mazoezi kwa hedifoni ili wasisumbue jirani wa ghorofa ya chini. Hedifoni moja ingempa mmoja tu, kwa hiyo mama akatafuta kiungio cha kugawa sauti, hedifoni mbili, kila mtu na yake. Jirani wa chini hakusikia wimbo hata kidogo. Alichosikia ni vidole vikigonga, mguu ukigonga, na vicheko. Siku moja akawauliza ngazini, kwa heshima zote, kama usiku wanacheza bao.

Kisha ikaja harusi. Mpwa wao alikuwa anaolewa, na alimtaka mjomba wake ampigie kinanda wakati wa kuingia ukumbini. Hakutaka mwingine. Mzee alikubali kwa shingo upande. Wakiwa wanavaa, akamwambia mkewe, "Nikiaibika leo, hiki kinanda nakigawa. Sikigusi tena." Mama alimjua mumewe. Hakuwa mtu wa kutishia.

Ukumbini walimkuta fundi mitambo, kijana aliyeitwa Masikio, kwa sababu hedifoni alizotundika shingoni hazikuwa ndogo. Fundi akavuta nyaya mbili, ya kushoto na ya kulia, kutoka kinanda hadi kwenye mikisa yake, ile mashine ya kuchanganya sauti. Mama akamsimamia. Akamwambia, "Mwanangu, shusha sauti kwanza, ndipo uchomeke. Ukichomeka sauti ikiwa juu, spika italipuka kama bunduki, na huyu mzee nimemtoa hospitali." Kijana akashusha. Mambo yakaenda vizuri. Spika zikatulia, hazikuvuma wala kukwaruza.

Kosa likatoka kwa mama mwenyewe. Alikuwa ameketi, na mguu wake, kwa mazoea ya cherehani, ukajipumzisha juu ya pedali. Akawasha kinanda hivyohivyo. Na kinanda kile kilikuwa na tabia moja: kikiwashwa, hukagua pedali ilivyo. Kikiikuta imekanyagwa, kinaamini huko ndiko kupumzika kwake. Basi kila kitu kinageuka. Ukikanyaga, sauti inakatika. Ukiachia, inaendelea.

Milango ikafunguliwa. Bibi harusi huyo, ameshika mkono wa baba yake. Mzee akapiga sauti ya kwanza. Mama akakanyaga. Sauti ikafa.

Mzee akageuza macho. Dawa ilikuwa ndogo: kuzima na kuwasha tena, mguu ukiwa mbali. Lakini bibi harusi alishapiga hatua, na watu wamesimama, na huwezi kuzima wimbo katikati ya njia. Mama akainua mguu. Sauti ikaendelea. Akakanyaga. Ikakatika. Akaelewa.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, mama huyu alipiga wimbo mzima kinyume. Pa kukanyaga akaachia, pa kuachia akakanyaga. Alituhadithia mwenyewe siku moja alipokuja hapa studio. Alisema, "Ni kama kurudisha gari nyuma kwenye kichochoro, na kichochoro kimejaa ndugu zako." Bibi harusi alifika mbele bila kujua lolote. Shangazi mmoja akalia kwa jinsi wimbo ulivyokuwa mtamu.

Walipomaliza, mzee akamnong'oneza, "Umekanyaga kinyume."

Mama akasema, "Na wewe ulikosea pale katikati, nikanyamaza."

Kinanda hakikugawiwa. Mialiko ikaanza: harusi, mahafali, sherehe za kustaafu. Mzee alipiga, mama alikanyaga, na nyaya zote zikawa mali ya mama, maana mzee hakuweza kuinama. Mafundi mitambo walianza kumpigia simu kumwuliza. Alikuwa na msemo wake: "Spika ni bwana harusi. Huwashwa ya mwisho, wengine wote wakishakaa. Na sherehe ikiisha, huzimwa ya kwanza, aende zake." Masikio bado anawafundisha hivyo vijana wake.

Masikio huyohuyo ametuambia jambo jingine. Anasema siku moja, akiwa anafunga vyombo, alimwuliza, "Mama, samahani, pedali hii ina waya mrefu. Kwa nini mzee asiiweke upande wa kushoto? Mguu wake wa kushoto ni mzima."

Pengine hata wewe, msikilizaji, umekuwa ukijiuliza hivyo tangu tuanze.

Mama alimjibu, "Mwanangu, shughulikia spika zako."

Mwaka huu moyo wa mama ulianza kuchoka. Ngazi zikamshinda, kisha kiti kikamshinda. Alasiri moja akamwomba binti amshike mkono mpaka kwenye kinanda. Akainama kwa shida, akaivuta pedali hadi upande wa kushoto, akaibandika sakafuni kwa utepe ili isiteleze. Akamwambia mumewe, "Jaribu."

Mzee akaigusa pedali kwa mguu wa kushoto. Akasema, "Mama, huu mguu nimekuwa nao siku zote."

Mama akasema, "Najua. Na mimi macho nimekuwa nayo siku zote."

Nilipomwuliza mzee kwa nini hakuwahi kuutumia, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema, "Ningeutumia, yeye angekaa wapi?"

Baada ya mazishi, watu wakiwa bado wamejaa nyumbani, mzee aliketi kwenye kinanda. Binti akavuta kiti akae kuliani, anyooshe mguu. Baba yake akamwambia, "Kaa, mwanangu, lakini mguu niachie. Ninao." Akapiga. Mguu wa kushoto ulichelewa hapa, ukawahi pale, sauti zikapandana, na mzee akatikisa kichwa akacheka katikati ya wimbo. Waombolezaji nao wakacheka, na wengine wakacheka huku wanapangusa macho. Binti anasema angalau sasa mama yake amesimuliwa ipasavyo.

Kwa mzee, kwa binti, kwa mpwa na mumewe, kwa wateja wa chumba kile cha kushonea, na kwa jirani wa chini ambaye sasa anasema amekosa bao lake: poleni sana. Mungu awape subira, na marehemu ampumzishe pema.

Nasi tuliobaki tutafakari. Kuna msaada ambao mtu anaupokea kwa kuwa hana njia nyingine. Na kuna msaada anaoupokea kwa kuwa anayeutoa ameketi karibu. Nyumbani kwako, ni nani anayekukanyagia pedali? Leo, kabla ya kulala, mwambie kwamba unajua.

Familia imetuletea rekodi mbili za wimbo wao. Moja ilirekodiwa kwa waya, moja kwa moja kutoka kwenye kinanda, safi kama maji ya chujio. Nyingine binti aliirekodi kwa simu pale sebuleni, na ina kelele za barabarani na mlango unaofungwa. Tulitaka kuwapigia ile safi. Mzee akakataa. Alisema, "Ile ya waya ina mguu wake. Ya simu ina sauti yake."

Basi hii hapa, ya simu. Sikilizeni vizuri, karibu na mwisho, mzee anapoanza kuukimbiza wimbo. Mtamsikia mama akimwambia, "Taratibu, baba. Hakuna anayetufukuza."