Mzee Libère Anastaafu, Shamba Limekwenda

Tarehe 31 Desemba 2019, Mzee Libère anastaafu usimamizi wa shamba la ushirika wetu, nje kidogo ya mji wa Garland huku ugenini, baada ya utumishi wa miaka kumi na mmoja. Wasifu wa namna hii humtaja na atakayepokea nafasi. Huu hautamtaja mtu, kwa sababu shamba lenyewe si letu tena.

Alizaliwa Ngozi, Burundi, katika nyumba ya mkulima wa kahawa. Baba yake alikopa mbolea kwa kutegemea mavuno. Mwaka 1989 bei ya kahawa duniani ikaporomoka, mkopo ukabaki palepale, na ng'ombe wote wakauzwa. Mzee alitusimulia kisa hicho kila msimu wa kupanda, tupende tusipende. Ndiyo maana alikataa katakata tutegemee zao moja. Tulilima mchicha, nyanya chungu na maboga, ili bei ya hili ikianguka, lile litushike mkono.

Alianza na vipande vya ardhi vya kuazima nyuma ya kanisa, akitoka zamu ya ghalani macho mekundu. Mwaka 2014 tulipopata mkopo wa benki na kununua ekari zetu, alipanda trekta siku ya kwanza akiwa na suti yake ya harusi. Suti ikachanika kwapani. Alimkatalia mkewe kuishona, akisema hiyo ni alama ya mwenye shamba.

Sasa mimi Généreuse wa mauzo niseme jambo ambalo kwenye sherehe watu watalizunguka. Barua ya kwanza ya kaunti ilipofika, Egide, katibu wetu, alituambia mkutanoni, "Wanasema tulipe kodi ya shamba." Mzee akasimama. "Kodi analipa mpangaji, Egide. Sisi tume-sign, tumenunua. Uwa-call, uwaambie wamekosea address." Tulimpigia makofi ukumbi mzima. Kila mmoja wetu aliishi apartment, na kodi tuliyoijua ni ile ya mwenye nyumba. Lugha yetu inaita mambo mawili kwa jina moja, pango la mpangaji na ushuru wa serikali kwa mwenye ardhi, na hakuna aliyeuliza ni lipi linalodaiwa. Hata nafuu ya kodi ambayo kaunti huwapa wanaolima hatukuiomba.

Nyumba mpya zikasogea hadi kwenye uzio wetu. Thamani ya ardhi ikapanda na kodi ikapanda nayo, ingawa mchicha hauoti zaidi kwa sababu jirani amejenga ghorofa. Benki ikailipa kodi hiyo kwa niaba yetu, ikaijumlisha kwenye mkopo, ikaongeza marejesho ya kila mwezi. Mwaka 2018 maduka yakaanza kuleta mboga za kugandishwa za bei ya kutupa. Fungu la mchicha likashuka kutoka dola tatu hadi moja, na bei za mazao yote matatu zikaanguka pamoja. Hilo baba yake hakuwahi kumsimulia.

Alipoelewa kosa lenyewe, alikwenda benki peke yake akaomba wamdai yeye, wauache ushirika. Walimpa maji ya kunywa, basi. Marejesho yalipotushinda, Jumanne ya kwanza ya Desemba benki ikaliuza shamba kwa mnada, na aliyenunua ni kampuni ya kujenga nyumba.

Wapo wanaosema Mzee ametuponza. Hata mimi nimesema hivyo jikoni kwangu, nikalia. Lakini makofi tulipiga wote. Wiki iliyopita nilimkuta anarekebisha uzio. Nilimwambia aache, si letu tena. Akajibu kwamba mbwa wa jirani hawajapata habari hizo.

Anahamia Houston, mtaa wa Gulfton, kwa binti yake Raïssa. Mzee wetu, asante kwa kila msimu uliotuinamishia mgongo wako. Tunakutakia uzee wa amani, na usingizi ambao sisi hatuna. Desturi yetu ni kumfungia anayehama mboga za shambani kwetu. Safari hii tutazinunua dukani.